Kivuli Alichokifuta Mama

Mama yangu alifuta kivuli nilichochora Ijumaa nne mfululizo, na ile ya nne nilikuwa nimesimama hapo hapo namwangalia. Alilowesha ncha ya leso kwa mate, akaisugua kwenye kioo cha simu kama anavyosugua uso wa mtoto mwenye uji mdomoni. Mimi kile kivuli kilinichukua siku tatu. Yeye alidhani ni masizi.

Nayaandika haya kwa sababu kwenye kundi la wanawake yanasimuliwa vibaya, na ofisini yanasimuliwa vibaya zaidi.

Nilimaliza kidato cha nne, nikapata mtoto, nikakaa nyumbani Birongo mwaka mzima nikiambiwa niolewe au nirudi masomoni. Hakuna hata mmoja aliyesema nani atabaki na mtoto. Aliyenipa mtoto huyo alibadilisha laini ya simu, na habari zake zinaishia hapo. Halafu yakaja mafunzo ya bure ya kompyuta mjini Kisii. Mama akasema, "Nenda. Huyu nitakaa naye." Nikaenda, nikajifunza kuchora sura za programu za simu: rangi, herufi, vitufe, nafasi kati ya kitu na kitu. Kuchora tu. Kuzifanya zitembee ni kazi ya mtu mwingine. Nilikuwa mzuri, na sioni sababu ya kusema kwamba sikuwa.

Ofisi iliyonichukua ilikuwa na vyumba viwili juu ya duka la magodoro. Mkubwa wake alikuwa kijana kutoka pwani, na yeye ndiye aliyekuwa akizifanya programu zitembee. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kiasi kwamba akikugombeza unataka aendelee kidogo. Tulikuwa tunatengeneza programu ya wakulima wa ndizi, na kundi la kwanza kuijaribu lilikuwa kundi la kina mama la kwetu Birongo. Mambo yenyewe hayakuwa magumu. Lori linapita Jumapili asubuhi. Ukiwa na mikungu iliyokomaa, siku ya Ijumaa unafungua programu na kufinya kitufe kimoja kilichoandikwa "Ndizi ziko tayari". Kitufe kinabadilika, kinaandika "Lori litakuja". Ukibadilisha nia, unakitelezesha kitufe hicho pembeni kwa kidole na ombi linaghairiwa. Basi.

Kuna siku moja ya ofisini lazima niitaje. Mama alikuwa ameenda mazishi, nikaja kazini na mtoto. Alikuwa na mwaka na miezi kadhaa. Akachoka, akashika sketi yangu akaanza kulia, "Baba! Baba!" Mkubwa akageuka kwenye kiti chake, akaniangalia kwa macho ya msiba.

"Pole, dada," akasema. "Anamtafuta babake."

Sasa, kwa Ekegusii, lugha yetu ya Kisii, baba ni mama. Mzazi wa kiume ni tata. Mtoto wangu alikuwa ananiita mimi, alikuwa anataka kunyonya. Ningeweza kumwambia mkubwa hivyo kwa sentensi moja. Sikumwambia. Ile huruma yake ilinikera, nikaona abaki nayo na kosa lake. Nikamfungulia mtoto kifua, nikaendelea na kazi.

Mchoro wetu wa kwanza ulikuwa bapa. Kitufe kilikuwa mstatili wa kijani uliokolea juu ya kijani hafifu, hakuna ukingo, hakuna kivuli, na chini yake maandishi ya kijivu membamba kama nywele. Mkubwa ndiye aliyetaka hivyo. Juu ya kitufe tuliweka picha ya mkungu wa ndizi. Tulipoupeleka sokoni Birongo kujaribu, kina mama walishika simu, wakatazama, wakafinya ndizi. Kila mmoja. Picha ilikuwa na mwanga upande mmoja na giza upande mwingine, kwa hiyo ilionekana kama kitu. Kitufe hakikuonekana kama kitu. Nikamwonyesha mama mmoja kile cha kijani, nikamwambia afinye hapo. Akanitazama kwa subira.

"Hayo ni maandishi," akasema. "Maandishi yanasomwa. Ukitaka nifinye, nipe kitu."

Niliporudi ofisini nikamwambia mkubwa kitufe kinahitaji kina. Kisimame juu ya skrini, mtu akione kama kitu kinachoweza kushuka ukikifinya.

"Vivuli ni mambo ya zamani, dada. Siku hizi kila kitu ni bapa."

"Hao uliowaona sokoni walifinya nini?"

Akanipa siku tatu. Siku ya tatu nilikuwa na kitufe kinachosimama. Niliweka weusi mtupu chini yake, mzito, wenye ukingo mkali, umeshuka chini na kutokeza kulia na kushoto kidogo pia ili usikosekane. Tukaurudisha mchoro sokoni. Kina mama wakafinya kitufe, mara ya kwanza, bila kuambiwa. Mkubwa aliguna tu, na kwake hiyo ni sifa. Nilirudi mjini nimejaa kiburi kama mtu aliyejenga daraja.

Wiki tano baadaye, Jumapili mchana, mwenyekiti wa kundi akanipigia simu. Ni mama mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde, Mkatoliki, mcheshi kupita kiasi, ila siku hiyo hakuwa anacheka.

"Mama yako amekuambia?"

"Ameniambia nini?"

"Kumbe hajakuambia. Ameita lori mara tatu na akalighairi mara tatu. Unajua sheria yetu."

Nilikuwa naijua. Lori lina nafasi zake, na anayeita halafu akaghairi amemnyima mwenzake nafasi. Mara tatu, jina lako linatolewa kwenye orodha. Ukitolewa unabaki na wale wanunuzi wa kando ya barabara, wanaokuja wakati wanapotaka na kubeba kwa bei wanayotaka wao. Mama alikuwa mmoja wa wale wanne walioanzisha hilo kundi. Zile ndizi ndizo zilizonipeleka sekondari na ndizo zilizokuwa zinamlisha mtoto wangu nikiwa mjini nachora vitufe. Mkutano wa kumtoa ulikuwa umepangwa Jumatano ya wiki iliyofuata.

"Hawezi kughairi," nikasema. "Hajui hata namna ya kughairi."

"Dereva anaona kwa simu yake. Imeandika ameghairi. Tena si yeye peke yake, wako wawili wengine. Wote Wasabato," akasema, na hapo ucheshi ukamshinda. "Hebu muulize huyo Mungu wa Jumamosi ana shida gani na lori letu."

Mama nilipomuuliza kwa simu alisema neno moja: "Sikughairi." Halafu akaniuliza kama nimekula.

Ijumaa nikaomba ruhusa, nikafika nyumbani saa nane mchana. Asiyekulia kwenye nyumba ya Wasabato hajui Ijumaa ni nini. Ni siku ya maandalizi. Jua likizama Sabato imeingia na hakuna kazi tena mpaka jua la Jumamosi lizame, kwa hiyo kila kitu kinasafishwa kabla. Sufuria zinasuguliwa kwa majivu mpaka zing'ae, nguo za kanisani zinapigwa pasi, kuni zinapangwa, mtoto anaogeshwa mpaka analia. Mama hapumziki hata kidogo. Kwenye saa kumi akakaa kwenye kigoda jikoni, akatoa simu kifuani.

"Njoo uone basi," akasema. "Uone kama naghairi." Haya tuliyasema kwa Ekegusii. Nayaandika kwa Kiswahili.

Akafungua programu, akafinya kitufe. Kikabadilika, "Lori litakuja". Akaniangalia kama mwanafunzi aliyepata jibu. Nami nikaona hakuna kosa. Nilikuwa nimeanza kumwambia kwamba dereva ni mwongo, na yeye akainua ncha ya leso, akailowesha kwa mate, akaanza kusugua kioo chini ya kitufe. Kushoto kwenda kulia. Kitufe kikamfuata kidole, kikateleza, kikatoka.

"Unafanya nini?"

"Nasafisha."

"Unasafisha nini?"

"Masizi. Hii simu inashika masizi hapa chini tu. Kila Ijumaa nafuta, na Ijumaa ijayo yapo tena." Akaniinulia kioo. "Ona sasa. Yameisha."

Yalikuwa yameisha kweli, maana kitufe chenyewe kilikuwa kimeondoka na kivuli chake. Juu kabisa, kwa yale maandishi ya kijivu membamba, kulikuwa kumeandikwa "Ombi limeghairiwa".

"Hapo juu pameandikwa nini, baba?"

Akasogeza simu mbali, akaisogeza karibu. "Kuna maandishi?"

Nikatoka nje nikapiga teke beseni. Likaenda mpaka kwenye migomba. Mtoto akacheka, akadhani ni mchezo.

"Hilo beseni limekukosea nini?" mama akasema kutoka jikoni.

Halikunikosea. Kilichonikosea nilikuwa nimekichora mwenyewe, kwa siku tatu, na nikajisifu. Jumapili tatu mama yangu alikuwa amesimama barabarani kuanzia saa kumi na mbili asubuhi na mikungu iliyokatwa, lori likampita, na dereva akamtolea kichwa dirishani, "Mama, wewe ulighairi." Na hakunisumbua kwa habari hiyo kwa sababu programu ni ya ofisi ya mtoto wake.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kwamba hayo si masizi, ni rangi, niliiweka mimi.

"Na kwa nini uliweka kitu kinachofanana na uchafu?"

"Ili kitufe kionekane kimesimama."

"Kitu kikisimama hakiwi cheusi chini," akasema, na akarudi kwa sufuria zake.

Mama yangu aliolewa Birongo kutoka kule chini, kupita Ogembo, kwenye vilima vya mawe laini ya kuchongwa. Kwao wanaume wanachonga, wanawake na watoto wanaosha na kusugua kwa msasa ndani ya beseni la maji. Likizo zangu zote za shule ya msingi niliketi mbele ya beseni kama hilo kwa bibi, vidole vimekunjamana, nasugua sahani zilizochongwa majani pembeni. Bibi alikuwa anainua kila sahani kwenye mwanga na kuipindua kidogo. Jani likiwa limesuguliwa kupita kiasi linapotea. Alikuwa analitafuta kwa kivuli chake. Sahani moja ya wakati ule iko kwenye rafu ya mama, ya waridi hafifu, inawekwa chumvi.

Nikaishusha, nikamwaga chumvi kwenye kikombe, nikaiweka kizingitini. Jua lilikuwa limeanza kulala. Jani lilisimama. Nikatafuta weusi na sikuupata. Kivuli cha jani juu ya jiwe la waridi kilikuwa cha waridi, ila kimezama. Karibu kabisa na jani kilikuwa chembamba na kimekolea, halafu kikafifia pole pole kikipanuka, huwezi kusema kiliishia wapi. Kilikuwa upande mmoja tu, kule jua halifiki. Upande wa jua ukingo wa jani ulikuwa na mstari mwembamba wa mwanga. Nilikuwa nimesugua mamia ya sahani kama hizo, kisha nikaenda kufundishwa mjini na nikasahau kuangalia. Nikayachora hayo yote kwenye daftari, nikiandika pembeni kijani gani cha kitufe kinakuwa kijani gani kivulini.

"Jua linazama," mama akasema. "Weka hiyo kazi."

Nikaiweka. Sahani ikarudishwa chumvi yake. Kitu kimoja tu nilifanya kabla: nikachukua simu yake, nikaita lori upya, nikaizima. Jumapili lori lilisimama, lakini kwenye kundi haikusaidia. Walisema amejua anachunguzwa.

Jumatatu asubuhi niliingia ofisini kabla mkubwa hajakaa. Nikamwambia mambo matatu. Kivuli nakibadilisha. Maandishi yanenepe. Na huko kughairi kwa kutelezesha kutoke.

"Kivuli sawa," akasema. "Mengine hapana. Nisikilize, dada. Sichori kwa kubahatisha. Nina fomu." Akafungua kabati akatoa zile fomu za kujiandikisha, zilizojazwa na mabinti wa kina mama kwa niaba yao. Palikuwa na swali, mwenye simu ni nani kwako. Akanipangia mezani moja moja. "Baba. Baba. Baba. Huyu naye baba. Wanachama ni kina mama, lakini simu zinashikwa na waume zao. Wanaume wa makamo, wanasoma magazeti, macho mazima. Nawachorea hao."

Nilicheka vibaya. Nilicheka mpaka akaudhika.

"Kwetu baba ni mama," nikasema.

"Vipi?"

"Kwa lugha yetu. Baba ni mama. Hao wote ni mama zao. Ni wanawake wa miaka sitini wasio na miwani."

Akazitazama fomu tena, moja moja. Nikaona jambo linamfikia polepole.

"Kwa hiyo ile siku mtoto…"

"Alikuwa ananiita mimi. Alikuwa na njaa."

"Mbona hukuniambia?"

Hilo swali lilikuwa la haki, ila hasira yangu ilikuwa bado juu. Nikawasha kompyuta. Kijani kilichozama chini ya kijani. Kivuli kimoja chembamba, kimekolea, karibu na ukingo. Cha pili kipana, chepesi, kimeshuka chini tu. Juu, mstari wa mwanga usiozidi unywele. Na nikachora sura ya pili, ya kitufe kilichofinywa: kivuli kinapungua, mwanga unazimika, kitufe kinazama. Maandishi akayanenepesha mwenyewe. Kutelezesha akakuacha kama kulivyokuwa. Alisema hiyo ni kazi ya wiki nzima.

Jumatano tulikutana kwenye chumba cha nyuma cha duka la mbegu, wanawake ishirini na zaidi kwenye mabenchi, na mkubwa wangu karibu na mlango akiwa ameshika kofia. Mama alikaa mbele, amevaa nguo za kanisani. Mwenyekiti akafungua daftari la kumbukumbu, akasoma jina lake na makosa yake matatu.

Nikasimama kabla hajamaliza.

"Hakughairi. Ni mimi. Nilichora kitu kibaya, na yeye alikisafisha."

"Mtoto akimtetea mamake ni vizuri," mwenyekiti akasema, "lakini lori halijui hilo. Kaa chini, baba." Kwetu hata binti mwenye mtoto huitwa hivyo.

"Nipe dakika mbili na watu saba."

"Saba wa nini? Unafanya maombi?" Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekuja na simu mbili. Kwenye ya kwanza niliacha kivuli cha zamani, na maandishi mapya. Nikampa mama wa kwanza, nikamwambia, ita lori halafu safisha simu, umpe jirani. Sikusema zaidi. Akafinya, akaifuta juu juu kifuani, akapitisha. Wa pili vile vile. Wa tatu akalowesha leso. Wa nne akasema, "Hii imeshikwa na nani mwenye mikono hivi?" akasugua pale pale chini ya kitufe. Wa tano, wa sita, na kila mara niliirudisha programu mwanzo kabla jirani hajafinya. Mwenyekiti akashindwa kuvumilia.

"Leteni hapa, mnaipaka tu." Akaishika, akafinya kitufe, akakunja uso. "Wewe msichana, unafanya kazi ya kompyuta na simu yako ni chafu hivi?" Akatoa kitambaa chake mwenyewe, cheupe, akaikamata simu kwa mkono mmoja na kuisugua kwa nguvu za mtu anayeosha sufuria ya arusi. Akainua. "Haya."

"Imeandika nini?"

Maandishi yalikuwa yamenenepa sasa. Aliyaona bila shida. Akasoma kwa sauti yake ile ile ya ng'ambo ya bonde, kabla hajajizuia: "Ombi limeghairiwa."

Mama mmoja nyuma akasema, "Mwenyekiti, hiyo ni mara ya kwanza. Zimebaki mbili," na benchi zima likainama kwa kicheko. Mama yangu hakucheka. Aliangalia mbele, mikono mapajani.

Nikapitisha simu ya pili. Saba wale wale. Waliita lori, wakaona kitufe kinazama, wakafuta simu kwa desturi tu, juu, pembeni, nyuma. Mmoja akaangalia chini ya kitufe kwa muda, akapitisha. Ilipomfikia mwenyekiti ilikuwa bado imeandikwa "Lori litakuja".

Akafungua daftari. Akakata ile mistari mitatu, na ya wale wawili wengine, akaandika akisema kwa sauti: "Mama huyu hakughairi. Mtoto wake ndiye aliyechora uchafu." Nikamwambia aache hivyo hivyo. Imeandikwa hivyo mpaka leo.

Njiani kurudi mjini mkubwa aliniambia kwamba kutelezesha kutatoka wiki hiyo. Nikamwambia nilisema hivyo Jumatatu. Akasema anajua. Kwenye ripoti yake aliandika kwamba timu iligundua umuhimu wa kuongeza kina. Nikamrudishia, nimekata neno "timu" kwa kalamu nyekundu. Aliiandika upya ripoti, shingo upande.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa nyumbani tena. Sufuria zilikuwa zimeshasuguliwa. Mama akakaa kwenye kigoda, akafungua programu, akafinya. Kitufe kikazama. Akaisogeza simu karibu na jicho, akakikagua kitufe chini, kushoto, kulia, ncha ya leso iko tayari kati ya vidole viwili.

"Leo iko safi," akasema.

Akaigeuza simu akafuta mgongo wake, ambako masizi yalikuwapo kweli.